Kibodi Yenye Mdomo

Majirani zangu hapa Qurus waliposikia natengeneza daftari la siri la kwenye simu, waliuliza swali moja: siri zipi? Ukinunua mbolea Karatu mjini asubuhi, ukishuka kwenye bodaboda unakuta jirani ameshajua bei, na ameshaamua kwamba umepigwa.

Kilichonichosha ni kaunta buku. Watoto walichana kurasa wakafanyia hesabu, mke wangu akaandika marejesho ya VICOBA juu ya mawazo yangu, na siku moja shemeji alifungua ukurasa wa madeni, akaona jina lake, akaomba kalamu na kupunguza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini sijapata kifungu cha kumsomea shemeji akiwa anakula kwangu.

Nikaamua kuifunga kazi kwa hesabu. Usimbaji fiche niliochagua unaitwa AES, kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambayo Marekani iliifanya kiwango rasmi mwaka 2001. Namna kufuli lenyewe linavyofanya kazi imetangazwa, anayetaka asome. Kinachofichwa ni ufunguo tu. Ufunguo huo hutengenezwa kutokana na nywila yangu kwa kupitia Argon2, iliyoshinda shindano la kimataifa mwaka 2015, na kazi yake ni kumchosha mwizi: kila akibahatisha nywila, anatozwa muda na kumbukumbu ya kompyuta. Simu yangu nayo imekula chumvi nyingi, kwa hiyo inatozwa vilevile. Nikitaka kuandika mstari mmoja, nabonyeza kwanza, nakoroga uji, kisha narudi.

Wazee wetu Wairaqw hawakuhitaji Mbelgiji. Walichimba nyumba ubavuni mwa kilima, paa la udongo likalingana na ardhi, ili anayetafuta ng'ombe wa kuiba aone kilima tu. Ujenzi safi kabisa, isipokuwa ng'ombe hana habari kwamba amefichwa. Akijisikia kulia, analia.

Ng'ombe wangu alikuwa kibodi.

Mama mkwe alikuja kutoka Mbulu kumsaidia binti yake na kichanga. Kichanga sasa kina meno, kinakimbiza kuku, na mama bado yupo. Kila usiku niliandika juu yake, bila matusi, ukweli mtupu: mama kashika rimoti, mama kasema chai yangu ni maji ya kunawa, mama ataondoka lini. Maneno hayo yalilala salama ndani ya kufuli la biti 256. Lakini kabla herufi haijafika kwenye kufuli hupita mikononi mwa kibodi, na kibodi ni msaidizi mwenye bidii: hujifunza unachopenda kusema, ili kesho akusaidie kukisema haraka.

Siku ya mnada mama alikuwa Karatu, mimi niko juu ya bodaboda kwenye makorongo ya barabara yetu. Nikaandika "Shikamoo mama". Kibodi ikaniletea maneno juu ya skrini kwa ukarimu. Bodaboda ikaruka shimo, kidole kikaangukia "ataondoka", shimo la pili likaongeza "lini", la tatu likatuma. Nimeona wadukuzi kwenye sinema wakihangaika usiku kucha. Hapa ilitosha barabara ya vumbi.

Jibu lilikuja kabla sijashuka: "Marahaba. Mtoto akianza shule."

Kumbe tangu toleo la 8 la Android, la mwaka 2017, programu inaweza kuiomba kibodi isijifunze kitu. Nimeshaongeza ombi hilo. Ni ombi tu lakini, na kibodi isiyo na adabu yaweza kulipuuza.

Mama hakununa, jambo lililonitia hofu zaidi. Alirudi na vitunguu, akakaa, akanyoosha simu yake: "Baba, niwekee na mimi hilo daftari. Nina ya kuandika." Utamkatalia vipi? Nikamwekea. Sasa kila jioni baada ya taarifa ya habari anavaa miwani, ananiangalia kidogo, anaandika sana. Kufuli hilo nimelifunga mwenyewe, ndiyo maana sina tumaini lolote la kulifungua.

Jana alicheka peke yake, kisha akaniuliza jina la ukoo wetu linaandikwa kwa k au kwa q.