Feni ya Sebuleni Imekwenda Wapi?

Swali hilo nimeulizwa Februari nzima, na kila anayeliuliza anajua jibu. Feni iko chumbani kwangu, imesimama kama mlinzi wa benki, inapepea kompyuta. Mke wangu anajipepea kwa ncha ya kanga, watoto wamehamia kulala sakafuni, na mgeni akija anakabidhiwa jalada la daftari, ajitegemee. Mimi mwenyewe jasho linanitoka hadi kwenye kope. Kompyuta tu ndiyo inayokula upepo humu ndani.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, mtumba wa Kariakoo, bado ina kibandiko cha ofisi fulani ya Ulaya iliyoichoka kabla yangu. Miaka mitatu haikunisumbua. Kisha ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga, na baada ya dakika 20, pap! Giza. Umeme upo, taa inawaka, jirani anasikiliza taarabu yake bila wasiwasi. Naiwasha, inakaa dakika 10. Naiwasha tena, 5. Safu ya mwezi uliopita niliiandika kwa awamu, kama mtu anayejenga.

Mtaani kwetu hakuna ugonjwa unaokosa mganga. Mke wangu alisema ni virusi. Jirani, mstaafu wa reli ambaye hajapata kumiliki kompyuta, alisema ni umeme mdogo. Fundi wa pale wanapotoa fotokopi alikubaliana na wote wawili, akachukua shilingi 30,000, akafuta kila kilichokuwamo, zikiwemo picha za harusi ya dada yangu. Kompyuta ikarudi nyumbani haina kumbukumbu wala dhambi, ikajizima baada ya dakika zilezile 20.

Niliporudi kulalamika aliifungua, akanipa mgongo, akashughulika kidogo, akatangaza kwamba amebadilisha pesti ya prosesa. Shilingi 15,000 nyingine. Sitaki kumsingizia mtu: siku nne tuliishi kwa amani. Ya tano ikajizima katikati ya sentensi, na ndipo feni ya sebuleni ilipohama.

Hatimaye nikampigia mpwa wangu anayesomea mambo haya.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Kompyuta inanifia.”

“Joto lake limefika ngapi?”

Nikamwambia Dar yote ni joto, kwani yeye yuko wapi? Kwa subira ya mtu anayemfundisha mzee, akanielekeza niiwashe huku nabonyeza kitufe cha Delete mpaka nikatokea kwenye ukurasa wa baiosi, ambao una maandishi mengi kuliko mkataba wa mkopo. Pembeni nikaiona namba ya prosesa.

“Imepata 97,” nikamwambia, moyo umetulia. Kwa kweli sikutarajia ifaulu hivyo.

“Mjomba, hizo ni nyuzijoto. Maji ya chai yanachemka kwa 100.”

Akanieleza, nami nawaeleza, maana kulipa nimeshalipa. Prosesa yangu ni ya wati 65. Wanaokumbuka balbu zile za zamani za wati 60 wanakumbuka pia walivyoungua vidole wakizifungua zikiwa bado za moto. Sasa chukua joto kama hilo ulibane kwenye kibati kisichozidi kiberiti. Juu yake kuna kipoza cha aluminiamu chenye mapezi, na juu ya kipoza kuna feni ndogo. Joto lisipopata pa kutokea, prosesa inapunguza mwendo yenyewe, kama dereva wa daladala aliyepigiwa taa kwamba mbele kuna trafiki. Ikiona bado hali ni mbaya, inazima kila kitu isiungue. Siku zote hizo nilizoitukana, maskini, ilikuwa inajiokoa. (Jirani, aliyekuwa anatusikiliza dirishani, alipendekeza mfuko wa barafu. Mpwa wangu akapiga kelele hadi simu ikakwaruza: unyevu na umeme!)

Kabla ya kuifungua ilibidi kwanza niivue kitambaa. Humu ndani kila kitu kina kitambaa cha kufuma: redio ina chake, televisheni ina chake, jagi la maji lina kidogo chenye shanga. Cha kompyuta kilining'inia mpaka chini, kikaziba matundu yote ya mbele, yale ya kuvutia hewa. Kwa nyuma ilikuwa imegandamizwa ukutani. Yaani tulikuwa tumeiziba mdomo na pua, halafu tunaulizana kwa nini inahema.

Ndani, kati ya feni ndogo na mapezi, vumbi lilikuwa limeshikamana likawa kipande cha blanketi. Nilikinyanyua kikaja kizima. Pembeni, kwenye kona yenye joto zuri, mayai mawili ya mjusi kafiri. Kumbe kuna aliyekuwa ananufaika.

Kisha nikang'oa kipoza, nikashangaa. Mpwa wangu alisema pesti huwa ya kijivu, laini. Hii ilikuwa nyeupe, imekauka, inabanduka kama chokaa ya ukuta mbovu. Nikainusa. Nikamwita mke wangu, naye akainusa.

“Mnanaa,” akasema.

Dawa ya meno! Mpwa wangu alicheka mpaka akakata simu, akapiga tena, akacheka upya. Kumbe dawa ya meno inasaidia kweli ikiwa mbichi. Mabati mawili hata yakionekana bapa yana vijishimo, na hewa iliyokaa humo haipitishi joto vizuri. Chochote laini kinachojaza vijishimo hivyo kitafanya kazi. Tatizo inakauka, na ndizo zile siku zangu nne za amani. Shilingi 15,000! Kwa bei hiyo angenipigia mswaki na mimi.

Nikanunua pesti yenyewe, iko kwenye kibomba kama sindano ya hospitali. Nikasugua chokaa kwa spiriti, nikaweka kiasi cha punje ya choroko, nikarudisha kipoza. Kina miguu minne ya plastiki, kila mmoja unaubonyeza mpaka ulie “ko”. Ko. Ko. Ko. Wa nne ulinyamaza, nikauchukulia kwamba umeelewa.

Nikawasha: dakika mbili, 98.

Sitaandika niliyoyasema, safu hii inasomwa na watoto. Mpwa wangu akauliza kwa upole, “Mjomba, yote minne imelia?” Nikajifanya mtandao unasumbua, nikakata simu, nikaubonyeza ule wa nne kwa dole gumba na uzito wangu wote. Ko.

46! Chumba kilikuwa na nyuzi 31, na hakuna feni inayoweza kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayokipuliza. Kwa Februari ya Dar, hiyo 46 ni Makete mwezi wa Juni. Mngurumo kwisha. Feni ya sebuleni niliibeba mwenyewe mpaka mahali pake, ikapokewa kama haji aliyetoka Maka.

Asubuhi ya pili nikakuta kitambaa kimerudi juu ya kompyuta. Kimefuliwa, kimetiwa wanga, kimepigwa pasi, na juu yake pamewekwa chombo cha maua ya plastiki. Nikamwita mke wangu.

“Si umesema haichemki tena?”

Nami ndivyo nilivyosema, mbele ya jirani.