Tukaitafuta Hatari

Mume wangu ana ugonjwa usiotibika hospitali yoyote: anaipenda filamu ya Hatari! kuliko baadhi ya ndugu zake. Dakika zake zote 157 anazo kichwani. Anajua John Wayne anakunja uso wapi, na wapi anaukunja zaidi. Nilidhani ndoa ya miaka kumi na tisa ingemponya. Likizo ya mwaka jana ilipokaribia nikasema twende kwetu Pangani tukale samaki, tulale mchana kama watu wenye akili. Yeye akatandaza mezani karatasi yenye mishale: Chalinze, Segera, Same, Moshi, Usa River, Momella.

“Tunakwenda kuona walipopigia Hatari,” akasema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kuhiji.

Kwa asiyeijua, filamu yenyewe iliongozwa na Mmarekani Howard Hawks. Walikuja kuipiga Tanganyika bendera ya Mwingereza ikingali juu ya mlingoti. Inatoka mwaka 1962, sisi tumeshajitawala. Kisa chake si kizito. Kuna kundi la watu kazi yao ni kukamata wanyama wazimawazima na kuwauza kwenye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Gari linakimbizana na twiga au faru, na mtu mmoja ameketi kwenye kiti kilichofungwa juu ya gurudumu la mbele, ameshika mti wenye kitanzi, anamvizia mnyama amvishe shingoni. Hawks alisema waigizaji waliifanya kazi hiyo kwa mikono yao. Hapo ndipo mume wangu hulegea. “Wenyewe!” huniambia, huku akinitazama kana kwamba nimebisha.

Gari letu ni IST. Naomba msomaji alikumbuke hilo hadi mwisho.

Tulipofika Segera, njia inapochepuka kwenda Tanga, mama yangu akapiga simu kuuliza kama tumebadili mawazo. Nikaiweka simu kwenye spika. Sasa, ndani ya filamu yumo dada mmoja mpiga picha, ameigizwa na Elsa Martinelli, anayelea ndovu wachanga waliofiwa na mama zao, mpaka Waarusha wanampa heshima ya kumwita Mama Tembo. Mume wangu akaona hapo ndipo pa kunipandisha cheo.

“Mama,” akapaza sauti, “mwanao siku hizi ni Mama Tembo!”

Simu ikanyamaza. Msomaji wa bara labda hakuona tatizo. Kwetu Pangani mnyama ni ndovu; tembo ni kile kinachodondoka kibuyuni mgema akishapanda mnazi, na mama tembo ni mwanamke anayekaa na pipa na kata, akikopesha waume za watu hadi mwisho wa mwezi.

“Umeachishwa kazi lini?” mama akaniuliza, taratibu.

Kumweleza kulituchukua mpaka Mombo, na sina hakika kama alielewa. Jioni ile shangazi yangu alinitumia shilingi elfu ishirini kwenye simu, bila ujumbe wowote.

Pale Mombo, huku nikimenya machungwa, nilimweleza mume wangu dukuduku langu. Jina la filamu ni la Kiswahili, nchi ni yetu, wanyama ni wetu, vumbi pia ni letu, lakini Mwafrika akitokea humo ndani amebeba kitu au anapokea amri. Wanaokula, wanaopendana na wanaovunjika mbavu ni wageni watupu. Nilidhani ni hoja nzuri. Akaongeza sauti ya muziki.

Muziki wenyewe ulikuwa ule wa ndovu wachanga alioutunga Henry Mancini kwa ajili ya filamu hiyohiyo, ule unaokwenda kwa kunesanesa. Shida yake ni kwamba mguu wa dereva nao hunesa. Kabla ya kufika Mwanga, kwenye kibao cha hamsini, tukapigwa tochi. Askari, kijana mpole aliyetuamkia vizuri kabisa, akainama dirishani na kutuonyesha kioo cha kile kidude: sabini na moja.

“Mzee, unakimbilia wapi?”

“Hatari,” mume wangu akajibu. Hakuwa anatania. Ndilo jina alilokuwa nalo mdomoni tangu Dar es Salaam.

Yule kijana akamtazama, akanitazama na mimi kwa huruma. “Kwa mwendo huu mtafika mapema,” akasema, akitoa mashine ya faini.

Elfu thelathini ikakatika hapo. Tukaingia Usa River usiku, zaidi ya kilomita 600 zikiwa migongoni mwetu, tukalala gesti ya kwanza tuliyoiona ina taa.

Asubuhi ilikuja kazi ambayo mume wangu hakuifikiria hata kidogo: kuuliza njia. Hardy Krüger, mwigizaji wa Kijerumani aliyekuwemo kwenye filamu, aliupenda sana uwanda wa Momella, akanunua shamba na kuishi hapo miaka kadhaa. Siku hizi pale alipoishi kuna loji ya watalii, na hiyo loji inaitwa Hatari. Jaribu wewe kuiulizia.

“Samahani kijana, Hatari ni upande gani?”

Bodaboda akazima pikipiki. “Hatari ipi, mzee?”

“Hatari ya John Wayne.”

“Huyo simjui. Labda alihama.”

Wa pili akatuonya kuhusu korongo lililo mbele. Wa tatu, kijana mwenye miwani ya jua, alidhani tunaulizia hali, akajibu, “Hatari sana!” na kutugongea boneti kwa furaha. Mama mmoja muuza ndizi ndiye pekee aliyekuwa na uhakika. Alitunyooshea kidole moja kwa moja kwenye nguzo ya umeme: juu yake transfoma, chini kibao chenye fuvu na mifupa miwili, na neno lenyewe kwa herufi nyekundu. Mume wangu akashuka, akaipiga picha mara nne.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni pazuri, na hilo halina utani. Ukishapita lango la Ngongongare unafika uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, nyati na pundamilia wamo, mbega wananing'iniza mikia yao myeupe msituni, na Mlima Meru umesimama juu ya vyote. Twiga ni wengi, tena hawana haraka. Mmoja alisimama katikati ya barabara na kutuinamia kwa karibu dakika ishirini na tano, tukiwa tumefunga vioo, tumebana pumzi. John Wayne aliwakimbiza. Sisi tulikamatwa na mmoja tu, tena kwa kutazamwa. Kushuka garini hovyo ni marufuku, nami nilimshukuru kimoyomoyo aliyeiweka sheria hiyo. Sikujua kwamba mtu wangu anasubiri tu tutoke langoni.

Tulipotoka upande wa Momella akaegesha pembeni, akafungua buti na kutoa mpini wa ufagio wangu wa jikoni, umefungwa kamba ya katani yenye kitanzi. Ufagio niliokuwa nimeutafuta wiki nzima.

“Picha moja tu,” akasema, na kukwea boneti.

Mume wangu ana kilo tisini na kitu, na boneti ya IST si kiti cha mtega wanyama. Lilisikika “bu!” moja, zito, la kukinai, na bati likabonyea kama sufuria lililoangushwa. Akashtuka, akateleza kwa mbele, na plate namba ikamchana muundi. Filamu ile inaanza kwa faru kumchoma mwindaji mguuni. Sisi hatukuwa na faru, ikabidi plate namba ishike nafasi.

Watoto watatu wachunga mbuzi walikuwa wamesimama wakitazama tangu mwanzo. Nilipokuwa namfunga mguu kwa mtandio wangu, mkubwa wao akauliza mnakamata nini.

“Tumeshamkamata,” nikamwambia.

Loji hatukuifikia. Ngorongoro, walikopigia vipande vingine, nayo tukaifuta kwenye karatasi, kwa kuwa kreta haishukwi na gari lisilo la four-wheel, na IST yetu haikuwa katika hali ya kujadiliwa. Tukarudi Usa River kwa fundi wa kunyoosha bodi.

“Umegonga nini?”

“Sijagonga. Nimekalia.”

“Umekalia?” Fundi akaweka nyundo chini, akawaita wenzake wa gereji jirani waje nao wasikie. Walikuja sita. Mume wangu alirudia maelezo yake mara mbili, ya pili kwa vitendo.

Usiku tulirudi gesti ileile. Filamu inaishia chumbani: maharusi wamejilaza, mara ndovu wachanga wanaingia na kitanda kinaporomoka. Nayataja haya ili ieleweke kwamba sisi hatukupanga lolote. Mzee wa watu alikuwa anageuka tu, kwa uangalifu, mguu usimuume. Chaga ya kwanza ikalia, ya pili na ya tatu zikaifuata, na godoro likatua sakafuni nasi juu yake.

Kimya. Halafu gizani nikasikia anapiga mluzi ule wimbo wa Mancini.

Mhudumu akagonga mlango. “Kuna nini humo ndani?”

“Hatari!” akajibu mume wangu, kwa furaha ambayo sijaisikia tangu siku ya harusi yetu.

Asubuhi tukaandikiwa risiti: chumba, 25,000, chaga tatu, 9,000. Faini na bili ya fundi alizitupa njiani. Risiti hii ameitia lamineshini, ipo sebuleni kwetu, juu ya televisheni, na mgeni akija huonyeshwa kabla ya kuletewa chai.