Sifa za Pochi Apewe Fundi

Lo! Julai 2025, mjini Paris, pochi moja ya mkononi iliuzwa mnadani kwa yuro milioni 8.6. Nyeusi, imetumika, imechubuka, na alama za stika zilizobanduliwa bado zinaonekana. Habari ilipofika kijiweni kwetu, vikombe vya kahawa vilibaki hewani. Kijana mmoja wa bodaboda akasonya, mfyuu! “Mjomba, hao watu wana pesa za kuchezea.”

Nikamwambia ngoja kwanza, kijana wangu. Mimi nimewahi kusimama mbele ya vioo vya duka la Hermès, walioitengeneza pochi hiyo, namba 24 mtaa wa Faubourg Saint-Honoré, na nilisimama mpaka mwenzangu akaanza kunivuta shati. Sikuingia kununua, uwezo huo sina. Lakini kutazama hakulipiwi, na pale kuna cha kutazama. Vioo vile peke yake ni maonyesho. Aliyevipamba tangu 1978 hadi 2013 ni Leïla Menchari, binti aliyezaliwa Tunis. Mwafrika mwenzetu, jamani, ndiye aliyewafundisha watu wa Paris kusimama njiani wakikodolea macho dirisha la duka!

Basi hiyo pochi ya mabilioni ya shilingi ilikuwa ya Jane Birkin, mwimbaji na mwigizaji wa Kiingereza aliyeishi Ufaransa. Mwaka 1984 alikuwa kwenye ndege kutoka Paris kwenda London, vitu vyake vikamwagika. Jirani yake kwenye kiti alikuwa Jean-Louis Dumas, mkuu wa Hermès. Mama wa watu akalalamika kuwa hapati pochi ya kumtosha mwanamke mwenye mtoto mdogo. Dumas akachukua kalamu, akachora humo humo ndegeni. Ndiyo Birkin hiyo, ambayo leo hata mwenye pesa taslimu haipati kirahisi. Wenyewe dukani ndio wanaochagua wa kumuuzia. Naye Birkin hakuing'ang'ania ile ya kwanza. Mwaka 1994 aliitoa ipigwe mnada ili kuchangia mapambano dhidi ya Ukimwi.

Jina lina bei yake, sikatai. Ila chini ya jina kuna mshono, na mshono ndio ulionishika mimi.

Mwaka 1837 Thierry Hermès alianza na hatamu na vifaa vya farasi. Kazi hiyo haina mzaha, maana mshono ukiachia, mtu yuko chini. Mpaka leo fundi wao hubana vipande vya ngozi kwenye kibanio cha mbao alichokishika kwa mapaja. Anatoboa kwa msharasi. Ana uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, na kila ncha ya uzi ina sindano yake. Sindano ya kulia inapita, ya kushoto inapita tundu hilo hilo ikitokea upande wa pili, kisha anavuta kwa mikono yote miwili mpaka uzi ulale. Upande mmoja ukikatika, wa pili unashikilia. Cherehani haishoni hivyo. Na pochi moja hushonwa na fundi mmoja, mwanzo hadi mwisho, kwa saa kumi na tano na kuendelea, kisha anaipiga alama yake. Ikirudi kutengenezwa miaka ishirini baadaye, inajulikana ni mkono wa nani.

Hapo fundi viatu wetu, anayekaa chini ya mwarobaini, akainua kiatu alichokuwa nacho. “Sindano mbili na uzi wa nta? Mbona ndivyo ninavyoshona?” Tukakipokea, tukakipitisha mkono kwa mkono. Mistari imenyooka kama imepigwa rula. Kimya. Na sote tunajua kwamba asubuhi ile ile mteja alimpigia kelele kwa ajili ya shilingi elfu moja.

Hilo ndilo linaloniuma. Wenzetu fundi wamemweka juu. Mwaka 2021 Hermès walianzisha shule yao ya ufundi, kijana anatoka na cheti kinachotambuliwa na serikali. Kwetu, mtoto akisema anataka kushona ngozi, mzazi anaona amelogwa.

Na ngozi tunazo! Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi Afrika. Lakini tunampiga ng'ombe chapa ya moto ubavuni, palepale penye ngozi nzuri, kupe wanamtoboa, na machinjioni kisu kinamalizia. Ngozi inatoka na makovu na matundu, halafu tunashangaa bei yake. Wale wa Paris kovu la kupe tu linaweza kuwafanya wakwepe kipande kizima. Hata ngozi ya mamba wanayoringia, baadhi yake ni ya mamba wa Nile, na Zimbabwe na Zambia wanawafuga kwa kazi hiyo. Bara ni letu, mamba ni wetu, jina la mbele ni la wengine. Mh!

Dada muuza vitafunwa akaingilia: “Kaka, mbona Kariakoo zimejaa hizo hizo, kwa bei ya kuku?” Zimejaa, dada yangu, ila ni feki. Kuiga ni ugonjwa wa zamani: zile herufi na maua ya mabegi ya Louis Vuitton zilibuniwa mwaka 1896 ili kuwakomesha waigaji. Ukiingia Ufaransa na feki begani, forodha wanaweza kukunyang'anya na kukutoza faini, hata kama ni yako ya kutembelea. Mimi nasikitikia zaidi ile pesa. Kwa bei ya feki nzuri, fundi wa hapa anakushonea pochi ya ngozi halisi itakayokuzika.

Kwa hiyo mwanangu wa bodaboda, usiwasonye waliotoa mamilioni. Tusonye ubahili wetu kwa mafundi wetu. Serikali ifundishe wafugaji kupiga chapa mguuni badala ya ubavuni, chuo cha ngozi cha Mwanza kijazwe vijana na vifaa, na sisi tulipe kazi nzuri bila kumdhalilisha aliyeifanya. Kesho ukipeleka kiatu au kuagiza mkanda, anza kwa kukagua mshono. Ukiwa umenyooka, msifu kwa jina lake mbele za watu, umpe bei yake yote, na umwambie apige alama yake.