Jinsi ya Kumtoa Mtoto Bahi na Kumfikisha Doha

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana haraka, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kusafiri. Likubali hilo kabla hujafunga begi.

Karatasi zake zisikupotezee usingizi: cheti cha kuzaliwa, paspoti yake mwenyewe hata kama bado anatambaa, na tiketi. Aliye chini ya miaka 2 hupakatwa kwa nauli ndogo. Lakini akitimiza miaka 2 mkiwa huko, kurudi anataka kiti chake kamili. Liulize siku ya kukata tiketi, si kaunta, mizigo ikiwa kwenye mizani.

Kutoka Bahi hadi Dodoma mjini mwache alale apendavyo. Ukipanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, mwamshe. Mtembeze, mwonyeshe mibuyu, mpitishe behewa zima akisalimia watu. Uwanja wa Julius Nyerere nao, Jengo la Tatu, una sakafu pana: akimbie hadi aombe kubebwa. Mtoto aliyelala toka Dodoma hadi Dar ataamka pale pale ndege inapozima taa, na atataka kucheza.

Mkobani weka uji, maji, pampasi kuliko unavyodhani, na nguo za kubadilisha, zake na zako. Uji na maziwa ya mtoto huruhusiwa kwenye ukaguzi, waonyeshe mapema. Zabibu za Dodoma ni tamu, ila zipasue kwa urefu vipande vinne, maana nzima humkaba. Karanga nzima na ubuyu wenye kokwa viache nyumbani kwa sababu hiyohiyo.

Sasa masikio, maana hapo ndipo kilio kikubwa hutokea. Ukavu wa hewa ya ndegeni mtoto wa Bahi anaujua tangu kiangazi chake cha kwanza. Mpe maji tu. Asilolijua ni mgandamizo. Ndege ikishuka, hewa ya nje ya ngoma ya sikio inakuwa nzito kuliko ya ndani, na ngoma inavutwa. Kumeza ndiko kunakofungua njia ya kusawazisha. Basi mnyonyeshe, au mpe kikombe anywe kidogokidogo, na uanze mapema, kwa kuwa ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua. Ukimnyonyesha yote angani akashiba, wakati wa kushuka atakugeuzia uso. Mwekee akiba.

Kuna watakaokunong'oneza umpe piritoni alale. Usimpe. Dawa hiyo ni ya mzio. Watoto wengine huwachangamsha badala ya kuwalaza, na kwa wadogo sana inaweza kudhoofisha pumzi. Saa 6 za mtoto macho zinavumilika.

Kinachomshinda mzazi kweli ni upweke. Kwenye basi la Bahi mtoto akilia, bibi asiyekujua husema, "Nipe huyo mjukuu wangu, mama, upumue kidogo," na mtoto anapitishwa mapaja matatu kabla ya Dodoma. Ndegeni watu huvaa visikilizio na kutazama mbele. Usiwangoje. Ukikaa tu, wasalimie wa kulia na kushoto, watajie jina la mtoto, na mfundishe kusema "mbukwenyi" kama anavyowasalimia wazee kwao. Aliyekwisha kusalimiwa na mtoto hawezi tena kumkunjia uso. Mhudumu naye mwombe maji ya moto na msaada wa kubeba begi bila kuona haya. Ni kazi yake, na wengi wao ni wazazi.

Na wewe uliyekaa kiti cha pembeni, usiye na mtoto safari hii: mama huyo hajaenda msalani tangu ndege iondoke Dar. Nyoosha mikono umpokee.