Mheshimiwa Kindi

Waswahili tumemsifu simba kwa ushujaa, na sungura tumempa hadithi zote za ujanja, nyingine hata hakustahili. Kindi tumemwachia nini? Naomba leo nimsimamie. Tena si huyu wetu wa minazini, bali kindi wa kijivu wa Marekani ya mashariki, ambaye kila asubuhi hutukanwa na watu wanaojiita wapenzi wa wanyama.

Kosa lake ni kula. Kule, mtu mwenye uga nyuma ya nyumba hununua mfuko wa mbegu za alizeti, akazimimina katika kilishio, yaani mrija wa plastiki wenye vitundu na vijiti vya kutulia, akakitundika mtini, kisha akaketi dirishani na kahawa yake kungojea ndege. Msomaji aliyekulia Kilombero au Mwea ana haki ya kucheka. Kwetu mtoto hupandishwa dunguni alfajiri na kombeo mkononi aamie mpunga, apige debe na makelele mpaka sauti imkauke, ili ndege hao hao wasile. Mwenzetu anawanunulia! Basi, kila mtu na mali yake. Anangoja ndege mwekundu aitwaye kadinali, na anayefika ni kindi.

Mtazame kwa karibu kabla hujamrushia kiatu. Anateremka shinani kichwa chini, kwa kuwa vifundo vya miguu yake ya nyuma vinageuka mpaka kucha zikaelekea alikotoka. Akifika kwenye kilishio ananing'inia kwa miguu hiyo hiyo, mikono ikabaki huru kwa kazi. Anachomoa mbegu moja, anaizungusha mara mbili, anaimenya. Ganda linadondoka chini, kiini kinaingia kinywani. Hana papara. Ndege wamejipanga tawini wakimsubiri mzee amalize.

Wanaomwita mvamizi wamesahau nani alimwita. Mwaka 1847 kindi watatu waliachiwa katika bustani ya Franklin Square, Philadelphia, wakapewa chakula na visanduku vya kulalia ili wenye mji waburudike kuwatazama. Central Park ya New York ikafuata mkumbo mwaka 1877, na wajitoleaji walipoingia humo Oktoba 2018 kuwahesabu, makadirio yalifika kindi 2,373. Waingereza nao hawakutaka kupitwa. Mwaka 1876 tajiri mmoja, Thomas Brocklehurst, aliwaachia katika shamba lake la Henbury, Cheshire, wapambe mandhari tu. Tangu hapo kindi mwekundu, mwenyeji wa kisiwa kile, amekuwa akipoteza nchi, maana mgeni ana mwili mkubwa zaidi na hubeba ndui ambayo yeye mwenyewe haimdhuru ila humuua mwenyeji. Doa hilo silifuti. Nasema tu kwamba kesi ikitajwa, kizimbani atangulie aliyemkatia tiketi.

Sifa yake kubwa kwangu ni ualimu. Wenye vilishio wana kanuni yao: kitundikwe futi 5 kutoka ardhini, futi 7 kutoka mti au ukuta wowote, futi 9 chini ya tawi. Vipimo hivyo vilitoka wapi? Kwa kindi. Kila tarakimu ni mruko wake, na mtu alikuwa dirishani ameshika kichwa. Wakamwekea kuba la plastiki nguzoni asiweze kupanda, akaruka kutoka uzioni. Wengine wakapaka nguzo mafuta, jambo la aibu, kwa sababu mafuta hayo hugandisha manyoya ya ndege waliokuwa wanatetewa. Halafu vikaja vilishio vya springi vinavyopima uzito: ndege mdogo wa gramu kumi na kitu akitua, mlango unabaki wazi, kindi wa nusu kilo akitua, unajifunga. Ufundi mzuri kweli. Mwalimu akatazama, akajishikiza juu kwa miguu ya nyuma, akajinyoosha mpaka mdomo ukafika kitunduni, na kijiti cha mizani hakukigusa.

Mwaka 1988 Bill Adler Jr. alitoa kitabu kizima cha kumshinda kindi, chenye mbinu 101. Ukiona mbinu zimefika 101, ujue hakuna iliyofaulu. Mwaka 2020 Mark Rober, mhandisi aliyewahi kufanya kazi NASA, alijenga ugani kwake uwanja wa vikwazo, na kindi, akiwamo mnene mmoja aliyempa jina Phantastic Gus, wakaupita wote, mamilioni ya watu wakitazama. Wahandisi wangapi duniani hupata mkaguzi wa kujitolea wa namna hiyo, asiyedai hata posho?

Silaha inayotajwa sana siku hizi ni pilipili. Ndege hawaisikii ukali wake, wanyama wenye nywele wanausikia, basi mbegu zinachovywa. Wengine huweka nyja, kimbegu cheusi chenye asili ya nyanda za juu za Ethiopia, ambacho kindi hakishabikii sana. Lakini ili kiingie Marekani lazima kwanza kipashwe joto kali kisije kikaota na magugu pamoja nacho. Hata mbegu ya Afrika Mashariki haipewi viza bila kuchomwa.

Na mwizi huyu ni mkulima. Hufukia kokwa za mwaloni moja moja huku na kule, na nyingine hazirudii. Hizo ndizo huota zikawa miti. Akijua anatazamwa, huchimba, hujifanya kufukia, kumbe mali bado iko mdomoni. Kokwa ya mwaloni mweupe, ambayo huota mapema, huing'ata kiini cha chipukizi kwanza ili isimharibikie. Ya mwaloni mwekundu, ambayo hungoja masika, huifukia nzima. Akiba haiozi, na yeye amehakikisha kwa meno. Mabwana fedha wanapaswa kumheshimu, ingawa wana kinyongo: Desemba 1987 kindi mmoja alikata umeme, biashara ya soko la hisa la Nasdaq ikasimama kwa zaidi ya saa nzima.

Waliochoka na vita wamefikia suluhu yenye adabu. Wanampigilia uzioni meza ndogo ya mbao na benchi lake, wanamwekea hindi kavu zima, na yeye anakaa kitako kama mteja, anapukuchua punje moja moja kwa mikono miwili. Akimaliza, anajifuta mdomo kwenye ubao, anavuka uga na kwenda kwenye kilishio cha ndege kushushia.