Maji Moto Kwenye Dari la Houston

Houston, Texas, Agosti 2025

Mama, Mjomba, Shangazi wa Ruangwa, na ninyi vijana mnaowasomea wakubwa barua hii kwenye simu huku mkiruka mistari,

 

Nianze na hela, maana najua ndiyo mnayoitafuta humu. Hela ya bati haiji mwezi huu. Imeliwa. Aliyeila, kwa kadiri nilivyoelezwa na fundi, ni ndugu yake yule sisimizi wa kwenye mikorosho yetu Nachingwea. Msicheke kwanza.

Mnakumbuka ile picha niliyowatumia mwaka jana mwezi wa saba, nimekaa sebuleni na sweta na kikombe cha chai? Mama aliuliza kama naumwa. Nilijibu kwa majivuno kwamba huku joto linabaki nje, ndani tunachagua hali ya hewa kwa kidole. Mungu alikuwa anasikiliza.

Houston wakati wa kiangazi ni kama Lindi mjini mwezi wa pili, jasho linakutoka kabla hujamaliza kujifuta. Tofauti ni kwamba Lindi kuna bahari ya kutazama na mwembe wa kukimbilia. Huku nyumba ni mbao na jasi, baraza hakuna, na mtu mzima anaweza kuishi humo miaka 10 asifungue dirisha. Wenyeji walishaamua zamani kutogombana na jua: mwaka 1965 walifungua hapa uwanja wa michezo wenye paa na kiyoyozi, Astrodome, ili watu waangalie besiboli bila kutoka jasho. Ninyi mnawaangalia Namungo pale Ruangwa mmejifunika kanga kichwani na hakuna aliyewahi kuwaonea huruma.

Basi Jumamosi moja kiyoyozi chetu kikaanza kutoa hewa ya vuguvugu. Nikapanda darini na tochi. Mama, kule juu joto linapita nyuzi 50, ni tanuri. Nikafungua kasha la mashine, nikakuta barafu. Barafu nyeupe, nene, imeivika mashine kama friji la bucha. Nikashuka nikamwambia mke wangu, "Mashine nzima, ina barafu kabisa!" Akaniuliza swali ambalo na wewe Mama ungeuliza: barafu yote hiyo iko juu, mbona sisi huku chini tunaiva?

Kabla sijapata jibu, barafu ikayeyuka, trei ikafurika, na maji yakachora alama kwenye dari la sebule. Alama yenyewe ni Mkoa wa Lindi mtupu. Liwale iko karibu na taa.

Nikampigia Mjomba. Kwangu saa tatu usiku, Ruangwa saa kumi na moja alfajiri. Hakuona mashine, hakuona picha. Akasema, "Gesi imepungua. Inavuja. Paka povu la sabuni," akakata simu aende kuswali. Nami nikajisemea moyoni: Mjomba naye! Hii ni Marekani, si friji la soda la stendi.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Nikaita kampuni. Akaja kijana mwenye viatu visafi na kishikwambi. Dari hakupanda. Alizunguka nyumba, akatikisa kichwa mbele ya kasha la nje la mtambo kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa, kisha akaniandikia dola 14,000 za mtambo mpya mzima. Zigeuzeni wenyewe kuwa shilingi, zinapita milioni 30. Nilipomwambia kwamba huu una miaka tisa tu, akashusha sauti: gesi yake inaondolewa sokoni.

Ukweli alikuwa nao, ila alikuwa na nusu yake. Gesi ya mtambo wangu inaitwa R-410A. Kilo moja ikitoroka angani inaongeza joto la dunia sawa na kilo 2,088 za hewa ya ukaa, ndiyo maana tangu tarehe 1 Januari 2025 ni marufuku huku kutengeneza mitambo mipya ya nyumbani inayoitumia. Lakini mitambo iliyokwisha fungwa inaruhusiwa kutengenezwa, kubadilishiwa vipuri na kujazwa gesi. Hiyo nusu ya pili yule kijana aliisahau kwenye gari. Nilimkumbuka Babu na hadithi zake za Waingereza wa karanga, waliokuja Nachingwea na matrekta miaka ya 1940 kabla hawajauliza udongo wala mvua. Kufika 1951 mradi umekufa, reli yao nayo ikaja kung'olewa, na sisi tunalima karanga kwa jembe mpaka leo. Nao, nadhani, walikuwa na viatu visafi.

Siku ya tatu, tukiwa tunalala sakafuni na taulo mbichi kifuani, jirani akanipa namba ya mzee mmoja wa Honduras. Huyu viatu vyake vilikuwa na rangi ya kazi. Akapanda dari bila salamu ndefu, na kifaa kinachonusa gesi. Kifaa kikalia kushoto, kikalia kulia, kikalia kila mahali kama mtoto asiyejua anachotaka. Mzee akakizima, akaingiza mkono mfuko wa nyuma, akatoa kichupa. Povu la sabuni! Akapaka, tukasubiri. Kwenye kona ya bomba kikaota kipovu kimoja kidogo kama jicho la dagaa, kikavimba, kikapasuka, kikaota kingine.

Nilimtumia Mjomba picha. Hakuandika neno. Alituma sauti ya sekunde 40, yote kicheko.

Sasa elewa, Mama, kilichovuja ni nini. Unajua pamba ya spiriti unayopakwa hospitali kabla ya sindano, jinsi inavyopoza ngozi? Spiriti inakauka na inaondoka na joto la mwili wako. Humo darini kuna koili, mabomba membamba ya shaba yaliyopita kwenye mapezi ya alumini laini, na gesi ikiwa majimaji inachemkia humo ndani kwenye ubaridi, inafyonza joto la nyumba, kisha inakwenda kulimwaga nje. Gesi ikipungua, ile iliyobaki inachemka kwa ubaridi uliopitiliza, unyevu wa hewa unaganda juu ya koili, barafu inaziba njia ya upepo. Ndiyo maana juu kulikuwa Kilimanjaro na chini Jehanamu.

Na shaba imetobolewa na nani? Mzee alinionyesha bomba lenye madoa meusi ambayo jicho langu halikuyajali. Akaniambia ukilipasua na kulitazama kwa hadubini, ndani ya ukuta wa shaba utaona vinjia vimechimbwa, vinapinda na kugawanyika, kichuguu kabisa. Hata jina la ugonjwa huo kwa wataalamu ni kutu ya kichuguu. Inaletwa na mvuke wa asidi hafifu unaokutana na koili yenye umande. Siki ni mmoja wa watuhumiwa. Mwingine ni asidi ya fomiki, iliyopewa jina kutokana na sisimizi. Ndiyo ile ile wanayotumwagia wale sisimizi maji moto tukipanda mikorosho na kaptura! Mjomba, wewe uliyeshuka mkorosho wa Babu ukiwa uchi mbele ya wakwe, mwenzio shaba naye kaumwa.

Nikauliza hiyo asidi imeingiaje ndani kwangu, sina mkorosho. Mzee akahesabu kwa vidole: dawa za kusafishia, marashi ya chumba, mbao za gundi, zulia jipya. Nikaangalia chini. Lile zulia mlilolisifu kwenye picha za Idi, nililotandika ili mlione. Hakuapa kwamba ndilo, lakini na mimi sikumbishia. Mke wangu naye akafunga taratibu mtungi wa achari ya siki.

Kazi ilichukua nusu siku. Gesi iliyobaki aliivuta kwenye mtungi wake, maana sheria hairuhusu kuiachia hewani. Akakata koili, akaishusha kwa kamba kama anashusha maiti ya mheshimiwa. Koili mpya akaichomelea huku anapitisha naitrojeni ndani ya bomba lisiote magamba meusi, akaijaza naitrojeni kwa nguvu kuona kama inashika, kisha akafunga pampu ya kunyonya hewa, akaketi juu ya boriti. Akakaa. Dakika 10, 20, 45. Mimi nalipa kwa saa, mtu amekaa anatazama mshale. Nikamnong'onezea Mjomba kwenye simu. Safari hii hakucheka: "Mwache! Unyevu ukibaki humo unachanganyika na oili unakuwa asidi, na asidi umeshaiona kazi yake. Fundi wa kumwogopa ni yule anayeharakisha pampu."

Koili yenyewe nimepewa bure, ilikuwa bado ndani ya dhamana ya miaka 10. Kilichokula bati zenu ni ufundi na gesi: dola 1,850. Alama ya Lindi nimeiacha darini, kupaka rangi ni bili nyingine.

Hela itakuja mwisho wa Septemba, mvua hazijaanza. Kwa sasa funikeni turubai. Kaka asipulizie dawa ule mkorosho wa nyuma ya jiko, wale maji moto wanafukuza mbu wa mikorosho na hawadai chochote. Na Mjomba, kile kicheko chako nimekifuta. Tafadhali usikirudishe kwenye grupu la ukoo.