Maji ya Moto Yapo

"Dada, maji ya moto yapo?" Niliuliza mapokezi, kwenye gesti moja ya Dodoma, msimu wa Bunge la bajeti, wakati hata stoo ya magodoro hugeuka chumba cha wageni.

"Yapo, kaka."

Hakudanganya. Yalikuwapo jikoni, kwenye sufuria, na ndoo ya kuyafuata nilipewa bure.

Chumba chenyewe kilikuwa selfu: ukikaa chooni, unaweza kuoga bila kusogea. Kandambili zilikuwa mbili, zote za mguu wa kushoto. Chandarua kilikuwa na tundu ambalo mbu walilijua la kuingilia; la kutokea hawakulijua. Feni iliandikwa namba hadi 5, ila yenyewe ilitambua mambo mawili tu, kulala na kimbunga. Rimoti ya TV ilikaa mapokezi, unaikomboa kwa kitambulisho. Taulo lilikuwa na jina la gesti nyingine. Hapo sikuuliza, ya ndani ya familia hayo.

Asubuhi, chai "imo kwenye bei": yai moja, slesi mbili, chai ya rangi. Nikaomba yai la pili.

"Hilo la mheshimiwa, kaka."